Nilivyosokota sufu, hariri na mohea kwa rangi tano bila kuishia na tope

Leo nimeanika kitita cha 8 cha uzi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusokota uzi kwa mkono, cha mwisho kinafanana na cha kwanza. Nimefurahi mno. Gramu 800, rangi tano ndani yake, na kila rangi bado unaiona. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni uliniharibia sufu nyingi nzuri, na mpaka leo nausikia ukirudiwa kwa wanaoanza.

Ushauri wenyewe: "Chana, chana tena, mpaka vyote viwe kitu kimoja." Nikatii. Nilikuwa na sufu nyekundu iliyokolea, sufu ya kijani, na pamba ya manjano kidogo. Nikazipitisha kwenye brashi za meno ya waya mara tano, mara sita, mabega yakawaka moto. Kila nikizinyanyua, rangi imefifia kuliko awali. Mwisho nikabaki na hudhurungi ya tope la masika. Niliumia, maana ile nyekundu nilikuwa nimeitia rangi mwenyewe.

Sababu niliielewa baadaye. Unyuzi mmoja wa sufu ni mwembamba kiasi kwamba ukisogea hatua chache jicho haliutofautishi na wenzake, linazijumlisha rangi zote. Nyekundu na kijani zikijumlishwa hivyo zinauana. Zambarau na manjano vilevile. Buluu na kijani ni majirani, hizo chana kutwa nzima hazigombani.

Pamba nayo ikaleta balaa lake. Nyuzi zake zilikuwa na sentimita 3 hivi, za sufu zilifika 10. Ukivuta, ndefu zinatangulia, fupi zinabaki nyuma zikijikusanya vidonge. Uzi ukatoka na mafundo, halafu ghafla unakonda na kukatika. Nikaambiwa mkono wangu mzito. Haikuwa kweli! Mkono ulikuwa mzima, ni urefu ndio haukulingana, na hakuna hata mmoja aliyenitajia urefu.

Kwa hiyo safari hii nilianza na rula kabla ya rangi. Hariri yangu ilikuwa ndefu kuliko sufu, tena inateleza. Unyuzi wa sufu una magamba madogo yanayoshikana na ya jirani yake, hariri haina. Nikachukua mkasi nikaikata hariri yote vipande vya sentimita 10, na mohea pia, zile singa za mbuzi wa Angora. Aliyeniona alishtuka, hariri inakatwa? Inakatwa, na tangu hapo haijaniponyoka vidoleni. Siku hewa ikiwa kavu hariri hurukaruka na kung'ang'ania nguo. Nairushia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, inatulia.

Vipimo: kwa kila gramu 100, sufu 70, hariri 20, mohea 10. Pima kwa mzani, jicho hudanganywa na wepesi wa mohea. Kila gramu 100 niligawa mafungu 20, kwa sababu brashi za mkono zikijazwa kupita kiasi hazichani, zinararua tu. Ndani ya fungu nilipanga rangi tabaka juu ya tabaka, nyembamba, nikapitisha mara mbili, basi. Nyekundu nilitia kidogo sana, kwenye mpito wa pili pekee, ndiyo maana imebaki vistari vinavyomeremeta juu ya buluu.

Sasa jambo ninalojivunia kuliko yote. Nilichana mafungu yote 160 kabla ya kusokota hata shubiri moja, nikayatia kwenye mifuko minane. Kisha nikawa nachukua fungu moja kutoka kila mfuko kwa zamu. Hata kama mfuko wa tatu ulizidi kijani, na ulizidi kweli, kijani hicho kimesambaa kwenye vitita vyote. Unene niliulinda kwa kipande cha uzi wa siku ya kwanza nilichokizungushia kadi. Kila nikikaa kusokota naulinganisha uzi mpya na kipande hicho.

Kupota nyuzi mbili pamoja, geuza upande ulio kinyume na ule uliosokotea. Kuosha, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kamua ndani ya taulo, usisugue: maji ya moto na msuguano huigandamanisha sufu ikawa blanketi.

Na ule uzi wa tope sikuutupa. Nimeupota na uzi imara wa buluu, sasa haukatiki tena, na mafundo yake yamegeuka nukta za udongo zinazopendeza. Nitaufumia pindo za mikono ya sweta.