Wakulima wa dhahabu kumi

Juzi mwanangu wa pili aliniuliza, simu ikiwa mkononi, "Baba, gemu la kwanza kabisa ulilocheza ni lipi?" Nikamwambia King's Bounty. Akalitafuta, akaangalia picha mbili tatu, akarudi kwenye mpira wake. Mimi ndiye niliyeshindwa kurudi kwenye kazi iliyokuwa mezani. Nilikuwa nimeshafika Majengo, chumba cha nyuma cha steshenari ya mjomba, na babu amekaa kwenye kiti cha wateja, bakora katikati ya magoti.

Ilikuwa ule mwaka baada ya mvua za El Niño. Mjini watu walizoea kulalamikia mafuriko. Kule Bahi, mkoani Dodoma, mvua ilikata mapema na mtama wa babu ukakauka ukiwa ndiyo kwanza unabeba. Akaja kukaa kwa mjomba mpaka hali itengemae. Jioni duka likifungwa, mjomba akienda kwenye mambo yake, mimi nilibaki na kompyuta ya kuchapia barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Mle ndani mwenyewe wa kwanza, huko Dar, alikuwa ameliacha gemu moja. Babu alibaki na mimi kwa sababu nyumbani palikuwa na kelele za watoto.

Niseme kidogo kuhusu gemu lenyewe, maana linanyimwa haki yake. Lilitoka mwaka 1990, kazi ya Jon Van Caneghem na studio ya New World Computing ya Marekani. Mwaka 1995 walewale wakatoa Heroes of Might and Magic, ambalo limejengwa juu ya misingi ya hili, na dunia ikaondoka na Heroes. King's Bounty likabaki la watu wachache. Lakini mle ndani kila kitu kipo. Mfalme Maximus anadhoofika, fimbo yake ya enzi imeibwa na kufukiwa mahali fulani katika mabara manne, na wewe unatumwa kuitafuta ukiwa juu ya farasi wako. Ramani ya mahali ilipofukiwa imefunikwa na vipande 25. Ukimkamata mhalifu mmoja kati ya 17, au ukiokota kimoja kati ya vitu 8 vya thamani, kipande kimoja kinafunuka. Na siku zinahesabika: ngazi ya kawaida inakupa 600. Zikiisha kabla hujaipata fimbo, nchi imekwenda.

Babu hakujua Kiingereza, na changu kilikuwa cha darasani, hivyo nilimsomea kwa kubabaisha. Habari za mfalme mgonjwa zilimwingia mara moja. Kila jioni aliuliza kwanza, "Mzee anaendeleaje?", nami nilimtajia siku zilizobaki.

Sasa jioni moja farasi wetu akagonga sanduku la hazina. Ukigonga sanduku, gemu linakuuliza: utachukua dhahabu yote mwenyewe, au utawagawia wakulima ili uongozi wako uongezeke? Mimi kidole kilikuwa tayari kwenye dhahabu, kama siku zote. Nikamsomea babu kwa heshima tu.

"Wape," akasema.

"Babu, tukiwapa tutakosa hela ya askari."

"Wape kwanza, mjukuu wangu. Mtu mwenye njaa atakufuata mpaka wapi?"

Nikawapa. Namba ya uongozi ikapanda na babu akaguna kwa kuridhika, akageuza kiti kikatazamana vizuri na kioo. Tukagonga jingine, tukagawa tena. Sijawahi kumwona babu amechangamka vile tangu aje mjini.

Mambo yakabadilika tulipofika kwenye vibanda vya wakulima. Katika King's Bounty uongozi ndio unaoamua idadi ya watu unaoweza kuwachukua vitani, na mkulima ndiye wa bei ya chini kuliko wote: dhahabu 10 kwa kichwa, uhai wake 1, pigo lake 1, na uwanjani anasogea mraba mmoja kwa zamu. Ukiwa na uongozi wa 100 unabeba wakulima 100. Nikaanza kuwachukua.

"Hao ndio tuliowapa?" babu akauliza.

"Ndio, babu."

"Mbona sasa unawanunua?"

Nikamweleza kwamba wapiga mishale ni ghali, na lazima pawepo watu wa kukaa mbele wapokee mapigo ili wapiga mishale wapone. Ndivyo gemu linavyochezwa. Hakusema kitu. Nikaingia na jeshi letu kwenye ngome ya Murray the Miser, mhalifu wa kwanza. Nakumbuka kimchoro cha mkulima kikichechemea kuelekea ukutani, na ile namba chini yake ikiteremka kila zamu ya adui, mpaka kimchoro chenyewe kikaondoka. Wapiga mishale walibaki wote. Murray akakamatwa, kipande cha ramani kikafunuka, nikaruka kutoka kwenye kiti.

Babu akauliza, "Walirudi wangapi?"

"Wapiga mishale wote, babu."

"Wale wa dhahabu kumi."

Nikamwambia hakuna.

Hapo ndipo aliponisimulia, kwa sauti ileile ya kuulizia mvua. Baba yake alikuwa kijana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipopita Ugogo, nchi ya Wagogo, yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Baba yake alichukuliwa pamoja na kaka zake wawili, akarudi peke yake. Aliyoyakuta nyumbani ni njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, iliyoua watu Ugogo nzima kati ya 1917 na 1920. Habari za wale kaka wawili hazikuja kamwe. Hapakuja barua, wala mtu, wala hela. Bibi yake babu alikaa mpaka anakufa hajajua aomboleze au asubiri.

"Hao wa kwako," akasema akinyoosha bakora kwenye kioo, "kuna anayewaandika?"

Nilifikiri kidogo, kisha nikafungua ukurasa wa shujaa. Nilikuwa nimeshauona na sikuwahi kuujali. Kuna uongozi, dhahabu, mshahara wa wiki kutoka kwa mfalme, wahalifu waliokamatwa, na chini kule kuna mstari wa wafuasi waliouawa, na namba mbele yake. Nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaniuliza kama ni wote, pamoja na wa vita za nyuma. Nikamwambia ndio, gemu halisahau hata mmoja. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaniomba nimwonyeshe namba yenyewe ni ipi, nikaigusa kwa kidole. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia picha yoyote ya joka au jini. Kisha akasema tufunge, kesho tutaendelea.

Tuliendelea, lakini wakulima hakutaka tena niwachukue. Mvua ziliponyesha akarudi Bahi, mjomba akauza kompyuta, na babu akafariki nikiwa sekondari. Fimbo niliipata miaka mingi baadaye, kwenye laptop, nikiwa chuo, kwa jeshi lisilo na mkulima hata mmoja. Ilikuwa ngumu zaidi na niliona fahari, ingawa nilijua vizuri kwamba jeshi lote lile lilisimama juu ya uongozi nilioupata kwa kugawa masanduku.

Wakati huo ndipo nilipojifunza alama za mwisho zinavyopigwa. Mhalifu mmoja ni alama 500, kitu cha thamani 250, ngome unayoilinda 100. Na kila mfuasi aliyeuawa anakupunguzia alama 1. Kuna siku naona Van Caneghem alifanya jambo kubwa kuwaingiza kwenye hesabu, mwaka 1990, kwenye gemu la kuingia kwenye disketi. Kuna siku naiangalia ile moja na naona ni dharau. Babu niliyemsomea namba ile hakuwahi kujua thamani yake kwenye alama, na sina hakika kama ningekuwa naijua jioni ile ningemsomea na hiyo.