Siku moja maishani mwangu: saa tatu za Grenada

Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii. Kwetu ni Kisauni, Mombasa. Huu ni mkataba wangu wa tatu, na msimu huu tunazunguka visiwa vya Karibi tukitokea Florida. Wadogo zangu huniuliza kila nikipiga simu: dada, hivyo visiwa unavishuka kweli au unaviona kwa mbali tu? Basi nimewaandikia Jumamosi moja, siku tuliyotia gati Saint George's, mji mkuu wa Grenada. Saa zote ninazotaja ni za Kiswahili, tena ni saa za meli. Hilo la saa za meli nitalieleza, maana limeharibia watu wengi siku.

Saa 11:00 alfajiri

Kabini yetu ni ya watu wawili na haina dirisha, kwa hiyo alfajiri naijua kwa simu tu. Naswali kwanza. Kibla naitafuta kwa dira ya simu, kwa sababu meli ikigeuka kuingia bandarini, mkeka nao unageuka. Kisha navaa sare na kupanda sitaha ya wafanyakazi dakika tano, kikombe cha chai mkononi.

Grenada huanza kuonekana kwa milima. Kijani kizito, wingu limekaa juu, halafu chini kabisa mapaa mekundu yamepandana mpaka ukingoni mwa maji. Upepo ukitoka nchi kavu unaleta harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Baada ya siku mbili za bahari tupu, harufu ile hunishika kifuani.

Saa 1:00 asubuhi

Meli imefungwa kamba. Gati liko Melville Street, katikati ya mji. Ukishuka unatembea kwa miguu, hakuna haja ya basi la kukutoa bandarini. Abiria zaidi ya elfu mbili wanataka kutoka kwa wakati mmoja, na korido yangu ndiyo njia yao.

Hapa ndipo ninapoulizwa swali la kila bandari: leo tufanye nini? Kwanza nawaambia wasome saa ya meli. Safari hii nahodha hakubadili saa, tuko na saa za Florida, na majira haya Grenada imetutangulia saa moja. Simu ikishika mtandao wa kisiwani inajibadilisha yenyewe. Hapa kosa la kufuata saa ya simu litakurudisha melini mapema na kukunyima saa nzima. Lakini fanya kosa hilohilo Cozumel, Meksiko, wakati wa kiangazi cha Marekani, ambapo kisiwa kiko nyuma ya meli kwa saa moja, utafika gatini ukute maji matupu. Nimeona kwa macho yangu watu wakikimbia huku ngazi inavutwa.

Kijana mmoja wa chumba cha mwisho katoka na kaptula ya mabaka ya jeshi. Nikamwomba kwa adabu arudi akabadilishe. Grenada raia haruhusiwi kuvaa nguo za mabaka ya kijeshi. Sisi wa Kenya hilo halihitaji maelezo. Alishukuru, akarudi ndani.

Familia ya watu watano walinionyesha orodha yao: maporomoko ya Annandale, ziwa la Grand Etang, kiwanda cha kungumanga cha Gouyave, ngome, kisha ufuo wa Grand Anse. Yote kwa siku moja! Niliwaambia ukweli wangu. Mkataba wangu wa kwanza tulichanga pesa wanane, tukakodi gari litupitishe kila mahali kwenye kisiwa kimoja. Barabara za visiwa hivi ni milima na kona tupu. Tulishuka garini mara nne, dakika kumi kumi, na niliporudi nilikuwa na picha sitini na sikumbuki jina la mtu hata mmoja. Tulipanda ngazi ya meli zimebaki dakika chache, tukapewa onyo. Tangu siku ile nachagua kitu kimoja, na nachagua kile ambacho kisiwa kile kinacho kuliko kingine. Baba mwenye familia alinisikiliza, akakata vitatu kwenye orodha.

Saa 2:00 mpaka saa 6:15

Vyumba kumi na nane. Siku ya bandari ina raha yake kwa mhudumu: wageni wametoka mapema, hugongi mlango mara tatu, unaingia na kumaliza. Shuka, taulo, bafu, zulia, kioo. Nafanya kazi kimya kimya na kwa haraka, maana kila dakika ninayookoa hapa ni yangu ya nchi kavu.

Chumba kimoja tu kilikuwa na watu, mzee na mkewe. Goti la mzee lilikuwa limevimba, na mama alikuwa anasikitika kwamba siku imepotea. Nikawaambia haijapotea. Washuke taratibu, wachukue teksi ya dakika chache tu mpaka Carenage, bandari ya ndani ya mji, wakae pale wanywe kitu na kutazama majahazi yakipakua mizigo. Mama aliuliza, hivyo tu? Nikasema, hivyo tu.

Saa 6:40 mchana

Sasa uamuzi wa kila siku. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unatupa angalau saa kumi za mapumziko katika kila saa ishirini na nne, na mapumziko haya ya mchana ndiyo usingizi wa wengi wetu. Ukishuka, umeuza usingizi. Siwalaumu wanaolala, wala siwalaumu wale wanaoishia mlangoni mwa bandari palipo na intaneti, simu sikioni, wakiongea na watoto wao Manila au Mumbai. Mtu ana mtoto hajamwona miezi saba, utamwambia akatazame ufuo?

Mimi ninashuka. Mwenzangu wa Kilifi anayefanya kazi jikoni leo ni zamu yake ya kubaki. Lazima kila bandari wabaki wafanyakazi wa kutosha kwa dharura. Aliniita ngazini, "Dada, niletee kungumanga. Zile zenye ganda, si za unga." Wafanyakazi tunatakiwa kurudi saa 10:00. Nina saa tatu na ushei.

Saa 7:00 mchana

Soko la Market Square liko mwendo wa dakika chache kutoka gatini, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Miavuli ya rangi, viazi vikuu, majimbi, ndizi mbichi, pilipili, gome la mdalasini limekunjwa kama karatasi. Halafu nikaona meza nzima ya mashelisheli. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jirani ughaibuni.

Jambo moja wageni wengi hawalijui: hapa huulizi bei kabla ya salamu. Nilisimama nyuma ya bwana mmoja wa meli nyingine aliyenyoosha kidole na kusema "hii kiasi gani?", muuzaji akaendelea kupanga karafuu zake kama hakusikia kitu. Mimi nikasalimu, nikauliza hali, nikangoja nijibiwe. Bi mkubwa yule akainua uso, akanivutia kigoda. Mtu wa Pwani hafundishwi hili, lakini nawaambia wageni wangu wote, maana linafungua mlango ambao pesa haiufungui.

Nikamwambia bibi yangu mzaa mama ni wa Pemba, kisiwa cha karafuu. Hakupata kuisikia Pemba, lakini karafuu alizisikia. Akachukua tunda bichi la kungumanga, njano hafifu, kubwa kama ndimu, limepasuka upande mmoja. Akalifungua kwa kidole gumba. Ndani kuna kokwa ya kahawia iliyokoza inayong'aa, na juu yake basibasi, nyekundu kabisa, imeikumbatia kokwa kama wavu. Aliing'oa basibasi nzima bila kuikata, kwa ukucha tu, polepole, akaitandaza kiganjani mwangu. Ilikuwa laini kama ngozi ya sikio. Miaka yote nimenunua basibasi kavu Marikiti na sikujua inatoka wapi mwilini mwa tunda.

Kisha akachukua kokwa kavu, akaitikisa karibu na sikio langu. Kek-kek-kek. "Ikicheza ndani, imekauka," akasema. "Isipocheza, usinunue." Tukachagua moja moja, kila moja tukiitikisa, mpaka zikatimia thelathini. Ya ganda inakaa muda mrefu, na harufu haitoki mpaka uivunje.

Nilimuuliza kama ana miti yake. Akanyamaza kidogo. Baba yake alikuwa na shamba mlimani, akasema, mpaka Ivan. Hapa kimbunga kinatajwa kwa jina, kama mtu. Ivan alipita tarehe 7 Septemba 2004, akaharibu nyumba tisa katika kila kumi na kung'oa sehemu kubwa ya mikungumanga. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia, na tunda hilo limo kwenye bendera yao mpaka leo. Mti huu huchukua miaka saba, minane, kutoa tunda la kwanza. Na ukipanda mbegu hujui kama ni dume au jike mpaka uchanue, sawa na mpapai. Baba yake alipanda upya akiwa mzee. Alingoja miaka yote hiyo, na nusu ya miti ikatoka madume.

Nilitembea na maneno hayo siku nzima. Kungumanga ililetwa hapa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mashariki ya mbali, Maluku na jirani zake, na karafuu ya Unguja na Pemba asili yake ni hukohuko, nayo ilishika mizizi kwetu karne hiyohiyo. Mbegu za jirani wawili, moja ikaangukia huku, nyingine kwetu.

Dola ya Marekani inapokewa hapa, kiwango rasmi kikiwa dola 2.70 za Karibi Mashariki kwa moja, lakini chenji utapewa ya kwao. Beba noti ndogo.

Saa 8:20 mchana

Njaa. Bi mkubwa alinielekeza kwa dada mmoja kando ya soko mwenye sufuria la oil down, chakula chao cha taifa. Ndani kuna shelisheli, majani ya majimbi, maandazi ya unga yaliyochemshwa humohumo, bizari ya manjano, na tui la nazi linaloachwa likauke mpaka mafuta yake yashuke chini. Ndiyo maana ya jina. Wengi hutia mkia wa nguruwe wa chumvi, kwa hiyo niliuliza kabla ya kukaa. Alikuwa na sufuria la pili, la samaki wa chumvi, anawapikia jirani zake Warasta.

Kipande cha shelisheli kilikuwa kimekunywa tui lote, njano mpaka katikati, na pembeni kimegandana kidogo kwa moto. Nilikula polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kula kitu chenye ladha ya jikoni kwetu ambacho sikukipika mimi.

Saa 9:10 alasiri

Nilipanda kilima, nikateremka upande wa pili mpaka Carenage. Mashua, majahazi ya mizigo ya kwenda Carriacou, kisiwa kingine cha nchi hiihii, watoto wanaruka majini. Na pale kwenye kivuli, mzee na mkewe, goti limenyooshwa juu ya kiti. Walinipungia mikono, sikuwasumbua.

Kurudi gatini nilipitia handaki la Sendall, lililochimbwa ndani ya kilima mwaka 1894. Ni fupi, lakini ni jembamba na magari na watu wanapita pamoja, unabana ukutani. Saa 9:40 nilikuwa ngazini. Matunda mabichi hayaingii melini, viungo vikavu vikapita.

Saa 11:00 jioni

Meli inaondoka na mimi niko korido na toroli. Mchanga kila bafu. Familia ya watu watano walinisimulia maporomoko tu, kwa dakika kumi nzima, wote wakizungumza kwa pamoja. Mzee aliniambia nahodha wa jahazi moja alikuja akakaa nao, akawaeleza jinsi kimbunga Beryl kilivyoipiga Carriacou Julai 2024, na jinsi walivyobeba mabati na maji kwa jahazi lile lile. Mama alikuwa ameandika jina la jahazi kwenye leso ya karatasi, akaiweka ndani ya pasipoti yake.

Saa 4:40 usiku

Nilimaliza vyumba, nikashuka kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi. Wa Kilifi alikuwa ananingoja. Nilimpa kumi na tano. Hakuzitazama, alizitikisa sikioni moja moja, macho ameyafumba.

Mombasa ilikuwa karibu saa moja asubuhi. Nikarekodi sauti: "Shikamoo bibi, sikiliza," nikatikisa kungumanga mbele ya simu. Jibu lilifika kabla sijavua viatu.

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo imekauka. Hiyo ni ya halua."

Nyuma ya sauti yake nilisikia jogoo, na kijiko kikigonga sufuria.