Jinsi nilivyopunguza sukari hatua kwa hatua

Tatizo langu lilikuwa soda ya mchana na chai tamu ya jioni. Kopo la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu ya hapo.

Nilianza na chai. Kijiko kamili kikawa robo tatu, kisha nusu, na sikushuka tena mpaka nione ladha ile ni ya kawaida. Ulimi huzoea, na hilo lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Soda ilihitaji njia nyingine, kwani niliyoizoea si ladha peke yake bali pia saa. Uchovu wa mchana ukiingia, mkono unaitafuta wenyewe. Basi saa nikaiacha palepale, nikabadilisha kinachoingia mdomoni: maji baridi yenye kipande cha limau, na tunda zima badala ya juisi, maana nyuzinyuzi zake hushibisha na hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Pia niliacha kuweka soda nyumbani. Kwangu mimi, hatua hii ina nguvu kuliko nia yoyote.

Leo chai nainywa bila sukari, na soda ni ya sherehe tu. Anayetumia insulini azungumze na daktari kwanza, kwani sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi.