Joto katikati ya gunia

Binti wa kaka yangu anafungua mashine ya unga kule Uyole, Mbeya. Juzi alinitumia fomu anayotaka wauzaji wake wa mahindi waijaze, akauliza, "Shangazi, kuna kilichopungua hapa?" Fomu ni nzuri: jina, kitambulisho cha NIDA, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, akaunti ya benki. Nilipoimaliza nilikuwa tayari nimerudi kwenye lori moja la mahindi la Julai 2021, kwa sababu faili la mwenye mzigo ule nalo lilitimia kila karatasi.

Wakati ule nilikuwa napokea mahindi kwenye mashine ya unga ya Iyunga, na mnaoikumbuka mnajua mwaka ule ulivyokuwa. Mwezi Machi Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, na hata baada ya zuio kulegezwa kwa masharti, wateja wa unga hawakuacha kuuliza vyeti. Ofisi ikaamua kwamba dalali asiyejulikana asinunuliwe kitu, kila muuzaji asajiliwe kwanza. TIN ikahakikiwa mamlaka ya mapato, TRA, jina la biashara kwa wasajili wa biashara, BRELA, jina la akaunti likalinganishwa na la leseni herufi kwa herufi. Hatua hizo nitazitetea popote. Zinakukinga na muuzaji hewa, na zinakukinga na ule ujumbe wa siku ya malipo, "tumebadilisha akaunti, tumieni hii." Ujumbe wa namna hiyo haujibiwi. Unampigia mwenyewe kwa namba iliyo kwenye faili tangu siku ya usajili, usikie sauti yake.

Lori liliingia jioni, gunia 300 za kilo mia mia. Mzigo ukizidi gunia 100, idadi ya gunia za kuchukulia sampuli ni kipeuo cha pili cha jumla, kwa hiyo 300 zinakupa kama 18, na lazima zitoke kila upande wa mzigo. Bambo, yaani bomba lenye ncha la kuchotea sampuli, linachomwa juu, katikati na chini ya gunia. Za juu na za pembeni zilisoma unyevu wa asilimia 13.1, nyingine 13.3. Kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5. Dereva alishaanza kukunja turubai, makuli wameshajipanga, kila mtu anataka kwenda nyumbani kabla baridi haijakaza.

Nikaomba safu mbili za nyuma zishushwe ili tufike katikati ya mzigo. Kuli mmoja alinung'unika, ila walishusha. Pale palipobaki mwanya niliingiza mkono kati ya gunia na gunia, na mkono ukakutana na joto. Julai Mbeya, jua limezama, mabati ya lori yameshakuwa ya baridi, halafu gunia lina joto kama la mwili wa mtu mwenye homa. Nilimwita mpimaji naye aguse. Hakusema kitu, alichukua tu bambo akalichoma hadi mwisho. Punje zilizotoka zilikuwa laini, ukizibana kwa jino zinakubali badala ya kupasuka. Harufu ilikuwa ya uvundo, ile ya chumba kilichofungwa masika nzima. Kwenye kiini cha baadhi ya punje palikuwa na unga wa kijani kuelekea njano. Kipimo kikasoma 17.2. Gunia la jirani, 16.8. La chini yake, 16.

Joto lile lina sababu yake. Mahindi mabichi yanapumua, na kuvu wakianza kazi wanapumua zaidi yake. Katikati ya mzigo hewa haitembei, joto linabaki mlemle, unyevu unahama punje hadi punje, na kuvu wanapata nguvu zaidi. Kipimo hakikudanganya kwa gunia za nje: zenyewe zilikuwa kavu, mbichi zilikuwa katikati. Anayechoma bambo mlangoni tu anapima zile za nje tu.

Muuzaji alipopigiwa alisema kwa upole kabisa, "Dada, hizo ni chache. Changanyeni na nyingine, wastani utashuka." Unyevu una wastani, ni kweli. Sumukuvu haina tabia hiyo. Inajikusanya kwenye punje chache, punje moja mbovu inaweza kuharibu bakuli zima la nzuri, na kupika hakuiondoi. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile aina ya B1. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Sampuli yenyewe husagwa yote na kuchanganywa vizuri ndipo zichukuliwe gramu chache za kupima, maana ukichota punje kiganjani unaweza kuikosa kabisa. Tulisaga ya gunia zile za katikati. Ilizidi.

Mzigo ukakataliwa wote.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na kwa kelele. Mkataba ulitaja bei, kiasi na tarehe, lakini haukusema nauli ya kurudisha mzigo uliokataliwa inalipwa na nani. Dereva alilala getini. Akiba ya mahindi ghalani haikutosha wiki, na wauzaji wengine waliosajiliwa walikuwa na gunia chache. Kwenye kabrasha la dereva tulikuta stakabadhi za ushuru wa mazao za halmashauri mbili, Mbozi na Momba, wakati faili linasema mahindi yote yanatoka ghala moja la Vwawa, wilayani Mbozi. Momba ya bondeni ina joto na ukame kuliko Mbozi ya juu, na kuvu huyu anapenda mahindi yaliyoteseka kwa ukame shambani. Stakabadhi ile ya ushuru inakwambia mahindi yalikopitia kuliko barua yoyote yenye nembo. Mwenzetu alipokwenda Vwawa alikuta gunia zimepangwa sakafuni bila chaga, zile mbao za kuinua gunia, zimeegemea ukuta, na mwenye ghala hana kipima unyevu. Kwa usajili mzima hakuna aliyewahi kukanyaga pale.

Kwa hiyo hilo ndilo nililomwandikia binti. Kabla muuzaji hajaingia daftarini, nenda kwenye ghala lake. Tazama chaga, tazama nafasi kati ya gunia na ukuta, tazama paa, omba daftari lake la manunuzi uone vijiji na tarehe. Muulize anaanikia wapi, kwenye turubai au kwenye udongo. Kama hana kipimo, mwonyeshe chupa kavu na chumvi iliyokaushwa: mahindi theluthi ya chupa, chumvi vijiko viwili vitatu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu umepita 15. Isipoganda bado unaweza kuwa juu ya 13.5, kwa hiyo kipimo cha getini kinabaki palepale. Mzigo wa kwanza uwe mdogo, gunia 20 hadi 50. Mkataba useme unyevu gani unakatwa kwenye bei, upi unarudisha lori, na kwa nauli ya nani. Unyevu ni pesa pia: gunia 300 za asilimia 16 ukizilipia kama za 13.5 umenunua karibu kilo 870 za maji. Na asimtegemee mmoja, hata akiwa bora kiasi gani.

Bado kuna jambo la siku ile ambalo sijalimaliza. Wakati tunahangaika, alifika mama mmoja wa upande wa Igamba na kigari cha gunia 40. Makavu, 12.6 hadi 13, yamepepetwa, na alijua kila gunia limetoka kwa nani na lilianikwa siku ngapi. Hakuwa na TIN wala leseni. Utaratibu ulikuwa mpya, na mlango uliomfungulia mwenye karatasi ukamfungia yeye. Alipakia upya bila ugomvi akaelekea Tunduma.

Fomu ya binti inasema asiye na TIN hapokelewi. Nimemshauri aruhusu gunia 20 za majaribio kwa muuzaji wa namna ile, na amsaidie kupata TIN, haitozwi kitu, kabla ya mzigo wa pili. Mhasibu wake hatapenda, na hoja zake nazijua. Kwa zile gunia 20 za kwanza risiti itatoka kwa nani? Na mkaguzi wa kodi akija, manunuzi yale yataandikwa kwa jina gani?