Pembe Moja ya Mviringo: Kuisoma Ngome ya Rochester

Mgeni akija kutoka nyumbani, sisi tulioko Uingereza tunampeleka palepale: Big Ben, Tower Bridge, picha mbili mbele ya Buckingham, basi. Mwenye siku moja ya ziada apande treni mpaka Rochester, kule Kent. Kutoka St Pancras kwa treni ya kasi ni kama dakika 40. Ile ya Victoria hukawia, ila nauli yake mara nyingi huwa nafuu. Treni ya St Pancras ikianza kuvuka mto Medway, tazama dirisha la kulia. Lile jengo refu la kijivu lisilo na paa ndilo tunalolifuata.

Ukifika usikimbilie ngazi. Zunguka nje kwanza, upite nyuma mpaka pembe ya kusini-mashariki. Mnara mkuu una pembe nne, na pembe tatu zina vinara vya mraba. Hii ya nne ni duara. Si pambo wala si mwashi aliyechoka kunyoosha kamba. Ni kiraka, na ukikielewa kiraka hicho umeielewa ngome nzima.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa ajili ya daraja. Barabara ya Warumi inayotoka Dover kwenda London inavukia Medway hapa, na anayeshika kivuko ndiye anayeamua nani apite. Mwaka 1088 Askofu Odo wa Bayeux alijifungia Rochester akimwasi Mfalme William wa Pili, na baada ya uasi kuzimwa, Gundulf, askofu wa mji, akajenga ukuta wa mawe kwa pauni 60, akiegemeza sehemu yake juu ya ukuta wa zamani wa Warumi. Mnara ulikuja baadaye. Mwaka 1127 Henry wa Kwanza aliikabidhi ngome kwa maaskofu wakuu wa Canterbury na kuwaruhusu wajenge mnara, na William de Corbeil, askofu mkuu wa wakati huo, hakufanya ubahili. Kila upande una mita 21 hivi. Kutoka chini mpaka ukingo wa juu ni zaidi ya mita 34, na vinara vya pembeni vinaongeza karibu mita 4. Katika minara ya aina yake Uingereza hakuna uliouzidi kwa urefu.

Jiwe lake ni la Kent kwenyewe, gumu na lenye mikwaruzo, ambalo fundi akijaribu kulichonga nakshi linamvunjikia mkononi. Kwa hiyo pembe, matao na fremu za madirisha zilijengwa kwa jiwe laini la Caen, lililoletwa kwa mashua kutoka Normandy, Ufaransa. Tofauti unaiona kwa macho: jiwe la Caen ni la rangi ya maziwa, jirani yake ni la majivu. Ukuta una unene wa karibu mita 3.7 chini na unapungua mpaka mita 3 juu, lakini usidhani ni jiwe zima tupu. Kuna ngozi mbili za mawe yaliyopangwa, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi kilichomiminiwa chokaa. Ngozi ikishabanduliwa, nyama ya ndani inachimbika. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Waliokulia kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja wanaijua tabia ya chokaa: haiharakishwi. Huku ina adui wa ziada, jalidi. Maji yaliyomo kwenye chokaa mbichi yakiganda hutanuka, na asubuhi unakuta unga. Ndiyo maana waashi wa zama zile walijenga kuanzia kama Machi mpaka Oktoba, kisha wakafunika vichwa vya kuta kwa nyasi kavu na samadi wakingoja baridi iishe. Kwa mwendo huo mnara ulipanda kama mita 3 kwa mwaka. Piga hesabu utaona kwa nini jengo kama hili lilimaliza miaka kumi au zaidi. Yale matundu madogo ya mraba yaliyotapakaa ukutani kwa mistari si ya kurushia mishale, kama wageni wengi wanavyoambizana. Ndimo zilimochomekwa fito za jukwaa la mafundi.

Mlango haukuwekwa chini. Ngazi ya nje inakumbatia pembe ya kaskazini-magharibi, inavuka pengo lililokuwa na daraja la kuinuliwa, inaingia kwenye kijengo cha mbele, na hapo ndipo unapoukuta mlango wenyewe, ghorofa ya kwanza. Tazama pembeni mwa mlango huo: kuna mifereji miwili iliyochongwa wima kwenye jiwe. Humo lilikuwa likiteleza lango zito la kushuka kutoka juu.

Ndani utasimama sakafuni na kuona anga. Sakafu zote zimekwisha, yamebaki matundu ya boriti ukutani, na kwa matundu hayo unahesabu ghorofa: ya chini ya kuhifadhia vitu, na tatu juu yake. Katikati kuna ukuta mnene unaogawa mnara vipande viwili tangu chini hadi juu. Sababu yake ya kwanza mtu wa pwani haelezwi mara mbili. Kwetu upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Mwaloni unabeba masafa marefu zaidi, lakini nao una kikomo, na ukuta wa kati ulipunguza masafa yale kwa nusu. Ghorofa ya pili, iliyokuwa ya wakubwa, ukuta huo ulifunguliwa kuwa matao makubwa yenye nakshi ya meno ya msumeno, na juu yake kuna ujia uliopenyezwa ndani ya unene wa ukuta, unaouzunguka mnara wote. Upite taratibu. Hapo ndipo penye uzuri.

Kisima kimo ndani ya ukuta huohuo wa kati. Shimo lake limepandishwa kama bomba la moshi, na kila ghorofa ina kidirisha cha kuteremshia ndoo. Kwa hiyo adui hata akiuteka uwanja mzima, waliomo mnarani hawafi kiu.

Kuhusu ngazi za mzunguko, utaambiwa zilizungushwa kuelekea kulia ili anayeshuka apate nafasi ya kupiga upanga na anayepanda abanwe. Inasikika vizuri, lakini zipo ngome nyingi zenye ngazi zinazozunguka kushoto, na hakuna ushahidi wa maana kwamba waashi walikuwa na hesabu hiyo. Hofia zaidi vidato vilivyolika katikati. Vaa viatu vya soli inayoshika, hasa kukiwa kumenyesha, na mtoto mdogo mbebe mgongoni. Gari lake la kusukuma liache chini.

Sasa turudi kwenye pembe. Oktoba 1215, miezi michache baada ya Magna Carta, ile hati ambayo mabwana wakubwa walimlazimisha Mfalme John aikubali ili kumpunguzia mamlaka, watu waliomwasi, chini ya William d'Aubigny, walijifungia humu. John alikuja mwenyewe, na akawaagiza watu wa Canterbury wafue sururu usiku na mchana. Mitambo ya kurusha mawe haikuangusha mnara. Wachimbaji walitoboa ukuta wa nje, kisha wakaingia chini ya pembe ya kusini-mashariki. Pembe ya mraba ndiyo dhaifu kuliko zote: iko wazi pande mbili, na ukiondoa mawe yake ya msingi, kile kifusi cha ndani hakina cha kukishika. Walichimba wakiegemeza magogo ili wasiangukiwe, mpaka pembe nzima ikawa imesimama juu ya miti.

Tarehe 25 Novemba, John alimwandikia Hubert de Burgh, hakimu wake mkuu, amletee haraka nguruwe 40 walionona sana, wale wasiofaa sana kuliwa, ili kutia moto chini ya mnara. Hapo neno kitimoto lilipata maana yake kamili. Kuni peke yake ndani ya shimo lisilo na hewa ya kutosha huweza kuishia moshi; mafuta hulisha moto na kuuongezea ukali. Magogo yakaungua, pembe ikaporomoka.

Waliomo hawakusalimu amri. Walirudi nyuma ya ukuta wa kati na kuendelea kupigana katika nusu iliyobaki, wakila farasi wao. Njaa ndiyo iliyowatoa, tarehe 30 Novemba. John alitaka kuwanyonga wote, akashauriwa kwamba siku moja watu wake nao watatekwa. Akaridhika na mpiga upinde mmoja.

Pembe ilijengwa upya enzi za mwanawe, Henry wa Tatu, na safari hii kwa duara, kwa sababu duara haina ncha ya kung'oa na jiwe likiigonga huteleza pembeni. Mwaka 1264 Simon de Montfort aliuteka uwanja, lakini mnara ulimshinda, akaondoka baada ya kama wiki moja.

Ukiwa na nguvu bado, panda treni inayoendelea Dover. Mwaka 1216 Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aliijaribu hila ileile huko: wachimbaji wake waliangusha mnara mmoja wa lango la kaskazini. Aliyekuwa ndani akiongoza ulinzi ni Hubert de Burgh yuleyule wa barua ya nguruwe. Watu wake waliziba pengo kwa magogo na ngome haikutekwa. Baadaye lango hilo lilizibwa kwa mawe, na lango kuu likahamishiwa upande wa magharibi.