Nilivyojifunza kuielewa picha ya kifua ya mama

Ripoti ya eksirei ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani ilisema hivi: moyo mkubwa, aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni) iliyokunjuka, makovu sehemu ya juu ya pafu la kulia, hakuna maji kifuani. Kaka aliituma kwenye kundi la familia, na kabla ya magharibi shangazi akapiga simu analia. Moyo umevimba, akasema, na hayo makovu ni TB.

Mama ana miaka 66 na presha ya siku nyingi. Alikuwa amelazwa kwa homa na kikohozi, na picha alipigwa akiwa kitandani kwa sababu hakuweza kusimama. Wodini hakuna aliyetufafanulia. Tuliruhusiwa na bahasha yetu ya kaki, tukaambiwa turudi kliniki baada ya wiki moja.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Niliandika kila mstari wa ripoti kwenye daftari na swali langu chini yake, kisha nikamuuliza mama kuhusu hayo makovu. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi niliugua TB mwaka 1991. Dawa miezi 8, na miezi 2 ya mwanzo nilichomwa sindano kila siku. Ninyi mlikuwa wadogo, sikutaka mjue." Nilisikitika. Miaka yote hiyo aliibeba peke yake, na aliyeandika ripoti hakuwa na namna ya kuijua.

Kliniki tulimkuta daktari mtulivu. Aliiweka filamu kwenye kisanduku cha taa, akaniita nisogee. Kwanza akanionyesha kwamba upande wa kulia wa mama uko kushoto kwangu, kana kwamba ananitazama. Peusi ni hewa, peupe ni mfupa, na moyo unaonekana mweupe kwa kuwa ni nyama na damu. Akachukua rula. Upana wa moyo sentimita 17, upana wa kifua kwa ndani 29. Kwa mtu mzima moyo hautakiwi kuzidi nusu ya kifua. Wa mama ulikaribia 0.59.

"Lakini hii alipigwa amelala," akasema. Aliyelala hupigwa mionzi kutokea mbele, filamu ikiwa mgongoni, na moyo wenyewe umekaa kwa mbele, mbali na filamu. Hapo nikakumbuka kibatari cha utotoni: ukiutoa mkono ukutani na kuusogeza kwenye mwali, kivuli kinakua, mkono ni uleule. Tena mgonjwa aliyelala havuti pumzi ikajaa, kwa hiyo moyo hulala kwa upana. Wenzangu, ulizeni kwanza picha ilipigwaje. Sisi tulikosa usingizi kwa kutojua hilo tu.

Mama akapigwa nyingine amesimama, kifua kimegusa filamu, pumzi amevuta na kuizuia. Moyo ukawa sentimita 14.8 kwa 28.5, yaani 0.52. Umezidi, ila kidogo. Daktari hakuishia hapo, na namshukuru, kwa sababu eksirei huonyesha umbo la nje la moyo tu. Ilifuata eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kile cha kupakwa mafuta ya baridi kifuani. Ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo ulikuwa na milimita 13, mnene kuliko kawaida kwa kusukumana na presha miaka mingi. Nguvu ya kusukuma damu ilikuwa asilimia 60, ambayo ni nzuri.

Kukunjuka kwa aota kuna sababu hiyohiyo ya presha, pamoja na umri: mshipa umerefuka na tao lake limefunguka. Hilo neno ndilo lililomwogofya kaka kuliko yote, akidhani mshipa unakaribia kupasuka.

Kwenye makovu daktari alikuwa mwangalifu zaidi. Alieleza kwamba picha moja haitoshi kutofautisha kovu la zamani na ugonjwa mpya. Inahitaji ya zamani ya kulinganisha. Filamu ya 1991 ilishapotea. Basi makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB, havikuonekana. Miezi 3 baadaye picha ikarudiwa, na makovu yalikuwa palepale.

Dawa za presha ziliongezwa, chumvi ikapunguzwa mezani. Filamu zote mbili za kusimama nimeziandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na mama ameziweka kwenye sanduku lake, chini ya kanga.