Nao Wanyonyeshao Atawaongoza Polepole

Neno la juma: Isaya 40:11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Atalilisha kundi lake kama mchungaji, atawakusanya wana-kondoo mikononi mwake, na kuwachukua kifuani mwake, nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Juma hili tukae na neno moja la aya hii: wanyonyeshao. Nabii amewataja kwa kazi wanayoifanya.

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba mbuzi, popo, nyangumi na binadamu ni mamalia. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini mamma, yaani titi. Aliyelitunga ni Carl Linnaeus wa Sweden, mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae. Kabla ya hapo aliwaita "wenye miguu minne", na nyangumi alimweka pamoja na samaki. Zilikuwepo alama nyingine za kuchagua: nywele, hata malaika laini mkononi mwa kichanga, au vile vifupa vitatu ndani ya sikio. Yeye akachagua ziwa. Alikuwa baba wa watoto 7, na mwaka 1752 alikwisha kuandika akiwasihi akina mama wanyonyeshe watoto wao wenyewe.

Kuzaa peke yake si alama. Kifutu wa vichakani kwetu naye huzaa watoto hai, kisha huenda zake. Na kule Australia yuko mnyama mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai. Yakianguliwa, maziwa humtoka tumboni kama jasho na watoto huyalamba. Huyo ni mamalia, kifutu siye. Kiswahili nacho kimeona jambo hili: ziwa ni titi, na maziwa ndiyo yatokayo humo.

Wafugaji wa Bahi, Chamwino na Kongwa wanaijua dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Inasikitisha kwamba wako wanaoikamua na kuimwaga wakidhani ni uchafu. Kondo la nyuma la mbuzi halipitishi kinga ya mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo kitoto huzaliwa mikono mitupu. Kinga yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea kwa takribani saa 24 tu, tena kila saa ikipita hupokea kidogo zaidi. Kitoto cha kilo 2 kinahitaji kama mililita 200 ndani ya siku hiyo, na nusu yake ni vizuri ipatikane katika saa 2 za mwanzo. Osha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, kamua matone machache uitoe ile nta inayoziba tundu, kisha kisogeze kitoto kikiwa kimesimama. Ukikilaza chali, maziwa huweza kuingia mapafuni. Kikishindwa kunyonya, kamua ukipe kwa chupa maziwa yakiwa na joto lile lile la mama. Usichemshe: dang'a itaganda, na kinga itaharibika.

Sasa, kwa nini polepole? Ili ipatikane lita moja ya maziwa, lita 400 hadi 500 za damu hupita kwenye kiwele. Na karibu sehemu 9 kati ya 10 za maziwa ni maji, yaliyotoka mwilini mwa mama. Oktoba, malambo yakiwa yamekauka na maji yako mbali, mbuzi anayenyonyesha akiswagwa sawa na beberu hutumia kwanza mafuta yake, kisha kiwele kinakauka, na kitoto kilichobaki zizini ndicho hudhoofu. Yakobo alilijua hili. Esau alipotaka waongozane, alijibu kwamba kondoo na ng'ombe wake wananyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa (Mwanzo 33:13). Wala hakuona haya kumwambia kaka yake atangulie.

Akina mama wetu nao wamo katika neno hili. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na kwa miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Bibi mwenye huruma huona joto la Dodoma akampa kijukuu maji kwa kijiko. Lakini maziwa yana maji ya kumtosha, na yale ya kijiko hulijaza tumbo, humpunguzia hamu ya kunyonya na huweza kumletea kuhara. Mwenye kuhitaji maji ni mama.

Basi katika jumuiya zetu juma hili tuulizane kwa majina: nani ana kichanga nyumbani, na nani anamchotea maji? Akifika kisimani na mtoto mgongoni, apishwe foleni, na ndoo yake ibebwe na mwingine.